SP-A, SP-B, SP-C au SP-D? Kwa aliyekwama kuchagua protini ya sarfaktanti

Wadau, kila ikifika msimu wa proposali napokea meseji zinazofanana kabisa, "shikamoo dada, nimeamua kufanya protini za sarfaktanti ya mapafu ila ziko nne na supavaiza kasema nibaki na moja, nichukue ipi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, mtu asome taratibu alafu aamue mwenyewe. Niseme mapema kwamba tasnifu yangu niliifanya juu ya SP-B (SP ni kifupi cha Kiingereza surfactant protein, yaani protini ya sarfaktanti) na bado naipenda, ila hapa kila moja nimeipima kwa vigezo vile vile.

Kwa ambaye ndo anaingia kwenye mada: ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna utando mwembamba sana wa maji, na maji tabia yake ni kuvutana, angalia tone juu ya jani la mgomba linavojikusanya liwe duara. Mvutano huo wa uso, kwa maji matupu kwenye joto la mwili, ni kama milinewton 70 kwa mita. Ukiuacha hivo ndani ya kifuko kidogo cha hewa, kila ukitoa pumzi kifuko kinanywea na kuta zinagandana, alafu kukifungua tena unatumia nguvu kama anayepuliza puto jipya. Sasa kwenye kuta za vifuko kuna seli zinaitwa nyumosaiti aina ya pili, hizi ndo zinatengeneza sarfaktanti, mchanganyiko ambao karibu asilimia 90 ni mafuta (na inayoongoza kwa wingi ni fosfolipidi inayofupishwa DPPC) na asilimia 10 hivi ndo protini. Ukitoa pumzi utando wa mafuta unabanana juu ya maji na mvutano unashuka mpaka karibu na sifuri, kifuko kinabaki wazi.

Mtoto njiti anazaliwa kabla seli hizo hazijatengeneza sarfaktanti ya kutosha, ndo unaona mbavu zinaingia ndani akivuta hewa na pua zinatanuka. Mary Ellen Avery na Jere Mead walilionyesha hilo Marekani mwaka 1959, kabla ya hapo wengi walidhani ule utando unaoonekana kwenye mapafu ya watoto waliofariki ndo chanzo cha ugonjwa. Mimi mada hii iliniingia kupitia mtoto wa dada yangu aliyezaliwa wiki ya 29, nilikaa kwenye benchi nje ya wodi ya njiti siku kumi na moja nikihesabu pumzi zake kupitia kioo, kwa hiyo nikiandika mvutano wa uso wa maji naandika kile kifua.

Kabla ya kuzishindanisha

Kosa ninaloliona kwenye proposali nyingi ni kuandika kana kwamba hizi nne ni ndugu wa tumbo moja kwa sababu zote zinaanza na SP. Ni familia mbili tofauti zilizopanga nyumba moja. SP-A na SP-D ni kubwa, zinakaa vizuri kwenye maji, na ni za ukoo wa kolektini, yaani protini za kinga zenye mkia wa kolajeni na kichwa cha kushika sukari. SP-B na SP-C ni vidogo, vinakimbia maji, vinakaa ndani ya mafuta, na kazi yao ni kuufanya utando wa mafuta ufanye kazi. Kwa hiyo kabla hujauliza ipi, jiulize unataka kusoma kinga au unataka kusoma pumzi, hapo tayari umeshapunguza nusu ya kichwa kuuma.

Vigezo nilivotumia ni hivi: umbo lake linajulikana kiasi gani, inafanya kazi gani hasa, ikikosekana mwilini kinatokea nini, na mwanafunzi mwenye maabara ya kawaida ataishikaje. Hicho cha mwisho watu hawakiulizi mapema na ndo kinachoua projekti nyingi.

Umbo

SP-A ni kubwa kweli kweli. Mnyororo mmoja una asidi amino (yale matofali ya kujengea protini) 248 kabla haujakatwa, mitatu inasokotana kuwa kundi moja, makundi sita yanafungwa kwenye shina, jumla minyororo 18, na ukiichora inaonekana kama shada la maua ya tulipu. Kila mnyororo una sehemu nne: mwanzo wenye sisteini (asidi amino zinazoweza kushikana mbili mbili) za kufungia, mkia wa kolajeni wenye kipindo katikati, shingo, na kichwa kinachoshika sukari kwa msaada wa kalsiamu. Vichwa na shingo vya SP-A ya panya vilipigwa picha ya fuwele (protini inagandishwa kuwa fuwele alafu inapigwa mionzi ya X) mwaka 2003 na faili lipo bure kwenye benki ya maumbo ya protini kwa namba 1R13. Shada zima hulipati kwenye faili hilo, unapata maua bila mashina.

SP-D ina mpangilio ule ule wa sehemu nne lakini mkia wa kolajeni ni mrefu zaidi na hauna kipindo, alafu makundi ya mitatu yako manne tu, yanakaa kama msalaba wenye upana wa karibu nanomita 100. Minyororo 12 kwa jumla. Picha ya fuwele ya shingo na vichwa vyake, tena ya binadamu, ilitoka mwaka 1999, namba 1B08. Kwa mtu anayetaka kumwonyesha mwalimu jinsi kalsiamu inavokaa mahali sukari inaposhikwa, faili hili ni zuri mno, unaona kabisa.

SP-C ndo hadithi tamu kwa mtu wa maumbo. Protini iliyokomaa ina asidi amino 35 tu. Mwanzoni kuna sisteini mbili, nafasi ya 5 na ya 6, na kila moja imebandikwa mnyororo wa mafuta ya palmitiki, yaani protini yenyewe inakimbia maji alafu bado imepakwa mafuta juu. Kutoka kama nafasi ya 9 mpaka ya 34 ni msokoto mmoja ulionyooka wa alfa, na urefu wake unaendana na unene wa utando wa DPPC, kwa hiyo inakaa imepenya moja kwa moja kama mti kwenye sakafu. Kundi la Kurt Wüthrich kule Zürich pamoja na Johansson na Curstedt wa Stockholm walilitoa umbo hilo kwa NMR (mbinu ya kusoma umbo la protini kwa sumaku kubwa) mwaka 1994, protini ya nguruwe iliyoyeyushwa kwenye kloroform na methanoli, namba 1SPF. Ila kuna kitu. Msokoto huo umejaa valini, na valini haipendi kuwa kwenye msokoto wa alfa, inapenda kujilaza kwenye shuka za beta. Yaani SP-C imeshikiliwa kwenye umbo ambalo asidi amino zake zenyewe hazilitaki, ikipata nafasi inajifungua na kujipanga kuwa nyuzi za amiloidi, yaani nyuzi za protini iliyokunjika vibaya na kugandamana. Mwili umeliona hilo tatizo, ndo maana protini inazaliwa ndefu, asidi amino 197, na mkiani ina kipande kinaitwa BRICHOS ambacho kinamlea mwenzake njiani asiharibike kabla ya kukatwa. Umbo la BRICHOS nalo lipo kwa fuwele, namba 2YAD. Nikifika hapa kwenye kufundisha darasa zima linanyamaza.

SP-B sasa. Inazaliwa na asidi amino 381, inakatwa mbele na nyuma na vimeng'enya kama napsini A na kathepsini H mpaka inabaki 79. Katika hizo 79 kuna sisteini saba. Sita zinafungana zenyewe kwa zenyewe mara tatu, 8 na 77, 11 na 71, 35 na 46, na ile ya saba, nafasi ya 48, inashikana na ya mwenzake hivo unapata pacha. Inatokana na ukoo wa saposini, misokoto minne au mitano iliyokunjwa kama jani lililofungwa kwa pini tatu, upande mmoja una chaji chanya unakumbatia vichwa vya mafuta na upande mwingine unazama kwenye mafuta. Hapo utaniuliza faili la picha liko wapi. SP-B nzima iliyokomaa haina picha ya majaribio ya kiwango cha SP-C. Kilichopo ni vipande, hasa Mini-B yenye namba 2DWF, ambayo ni mwanzo na mwisho wa protini vilivyounganishwa kuwa asidi amino 34, pamoja na modeli zilizochorwa kwa kufananisha na ndugu zake. Mwaka 2015 watafiti wa Madrid walipendekeza kwamba mapacha hao wanajipanga kuwa pete. Mimi hili linaniuma na kunivutia kwa pamoja, manake ndo protini pekee kati ya hizi nne ambayo mtoto hawezi kuishi bila yake.

Kazi

SP-A na SP-D tuziweke pamoja kidogo. Zote zinashika sukari zilizoko juu ya vijidudu, zinavikusanya, na zinawaita makrofeji, wale seli walinzi wanaomeza takataka. Lakini hazifanyi sawa kila mahali, na kwa sisi wa ukanda huu mfano wa kifua kikuu ni muhimu: SP-A inaongeza kumezwa kwa bakteria wa TB na makrofeji, wakati SP-D inawashika na kupunguza kumezwa. Ukikumbuka kwamba bakteria huyo anapenda kuishi ndani ya makrofeji, unaona kumezwa sana sio lazima iwe habari njema. SP-D pia inashika virusi vya mafua kupitia sukari zilizoko juu yao, na SP-A inashika Pneumocystis, kuvu anayewasumbua sana watu wenye kinga iliyoshuka kwa VVU. SP-A ina kazi ya ziada kwenye mafuta, bila yenyewe ule wavu wa mirija ya mafuta unaoonekana kwa hadubini ya elektroni haujengeki. SP-D nayo ina mkono kwenye kusafisha sarfaktanti iliyotumika.

SP-B na SP-C kazi yao ni kuhamisha mafuta. DPPC peke yake inajipanga vizuri juu ya maji lakini ni nzito kusogea, ukivuta pumzi kifuko kinatanuka ghafla na utando unahitaji mafuta mengine yafike juu haraka, DPPC haiwezi hilo kwa kasi ya pumzi. SP-B inaunganisha tabaka za mafuta, inazifungua, inasukuma fosfolipidi zifike juu, na pia ndani ya seli inahitajika ili vile vifurushi vya kuhifadhia sarfaktanti vijipange vizuri. SP-C inasaidia mafuta yaliyobanwa nje ya utando wakati wa kutoa pumzi yabaki karibu kama akiba na yarudi haraka, mikia yake ya palmitiki inafanya kama nanga. Zinafanana kazi kiasi kwamba kwenye chombo cha maabara moja inaweza kuziba pengo la nyingine, lakini mwilini mambo hayako hivo, utaona chini.

Ushahidi wa mchango wao uko hata kwenye dawa. Tetsuro Fujiwara wa Japani mwaka 1980 aliripoti watoto kumi waliopewa sarfaktanti iliyotokana na ng'ombe. Baadaye zikaja Survanta ya ng'ombe na Curosurf ya nguruwe, zote zinachujwa kwa viyeyusho vya mafuta, kwa hiyo SP-A na SP-D zinapotea njiani na kinachobaki ni mafuta pamoja na SP-B na SP-C. Exosurf iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1990 haikuwa na protini kabisa, ilisaidia watoto, ila zilipopambanishwa zile zenye protini zilifanya vizuri zaidi. Alafu ikaja Surfaxin yenye kijipeptidi cha asidi amino 21 kinachoiga SP-B, laisini moja kisha lusini nne, laisini kisha lusini nne, hivo hivo mpaka mwisho. Iliruhusiwa Marekani 2012 na 2015 ikaondolewa sokoni. Na mzazi anayeuliza kuhusu asili ya dawa, ng'ombe au nguruwe, anauliza swali halali kabisa, ukiwa mwanafunzi wa udaktari jifunze kulijibu kwa heshima.

Ikikosekana

Kwa SP-B jibu ni fupi na linauma. Panya waliotolewa jeni hiyo, kazi ya mwaka 1995, walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa binadamu Lawrence Nogee na wenzake walieleza mwaka 1993 watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi yote lakini hawawezi kupumua, na badiliko linaloonekana zaidi linaitwa 121ins2, ambapo herufi zinaongezeka kwenye jeni na protini haitengenezwi. Lazima mtoto arithi kasoro kwa baba na kwa mama. Sarfaktanti ya dawa inawapa nafuu ya muda tu, tiba iliyobaki ni kubadilishiwa mapafu. Na SP-B ikikosekana, SP-C nayo haikatwi sawasawa, yaani nyumba nzima inavurugika.

SP-C ni tofauti. Panya wasio nayo wanazaliwa na kupumua, shida ya mapafu inawajia baadaye na inategemea ukoo wa panya. Kwa binadamu kinacholeta balaa zaidi ni protini iliyokosewa, kuliko kutokuwepo. Kasoro moja tu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, protini inakunjika vibaya au inapelekwa mahali pasipo pake, seli inachoka, na mapafu yanapata makovu. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2001 ilikuwa ya mama na mtoto wake. Badiliko linaloonekana zaidi ni I73T. Mtu mmoja anaumwa uchangani, ndugu yake mwenye badiliko lile lile anaumwa akiwa mtu mzima.

SP-A ikikosekana kwa panya anapumua vizuri tu, ila ukimpa vijidudu anashindwa kuvisafisha haraka. Kwa binadamu jeni ziko mbili, SFTPA1 na SFTPA2, na mabadiliko ya SFTPA2 yamehusishwa na makovu ya mapafu na saratani ya mapafu kwenye familia. SP-D ikikosekana kwa panya, mafuta yanajaa mapafuni, makrofeji wanavimba kwa mafuta, na vifuko vinatanuka kama kwa mvutaji sigara wa miaka mingi. Kwa binadamu linalosomwa sana ni badiliko dogo la kawaida, methionini kuwa threonini nafasi ya 11, ambalo linapunguza uwezo wa minyororo kujikusanya kuwa msalaba mkubwa.

Kuishika kwa mikono yako

Hapa naomba usome mara mbili kama una miezi sita tu na bajeti ya kubana.

SP-D ndo rafiki wa mwanafunzi. Inapatikana kwenye damu, vifaa vya ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili) vinauzwa, na Japani wanaipima kama kipimo cha kawaida kwa wagonjwa wa makovu ya mapafu. Ukitaka kuisafisha mwenyewe inashika kwenye safu yenye maltozi kukiwa na kalsiamu, ukimwaga EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu, inaachia, mbinu rahisi ya kueleza na rahisi kutetea. Lile badiliko la nafasi ya 11 lina namba rs721917, PCR (mbinu ya kunakili DNA) ya kawaida inatosha. Changamoto yake ni kibali cha maadili kama unatumia damu za watu, anza kukiomba kabla hata hujamaliza sura ya kwanza.

SP-A inapatikana kwa wingi kuliko nyingine zote kwenye maji ya kuosha mapafu, na mapafu ya ng'ombe machinjioni unayapata, uwahi alfajiri na barafu ya kutosha kwenye ndoo. Ila kwenye jeni itakusumbua: SFTPA1 na SFTPA2 zinafanana mno, praima yako (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia PCR) isipopangwa kwa makini inashika zote mbili na unabaki na matokeo usiyoweza kuyatafsiri. Namjua aliyepoteza muhula mzima hapo.

SP-B na SP-C zote zinataka kloroform na methanoli, zinataka vyombo vya kioo, maana plastiki nyingi haziwezi kloroform, na zinataka uvumilivu. Ukizitia kwenye maji ya chumvi kama protini za kawaida zinagandamana tu. SP-C ukiiacha vibaya inageuka nyuzi za amiloidi, kitu ambacho kwa mwenye mada ya amiloidi ni zawadi. SP-B kuitengeneza kwenye bakteria ni shughuli pevu kwa sababu inavuruga utando wa seli yenyewe inayoitengeneza na ina vifungo vya sisteini vinavohitaji kukaa sawa, ndo maana watu wengi wananunua peptidi kama Mini-B. Kipimo cha kazi yake ni mvutano wa uso, kama chuo chako hakina mizani ya Langmuir uliza idara ya fizikia au kemia kama wana kifaa cha kupiga picha tone linaloning'inia, mara nyingi kipo kimekaa na vumbi. Kwa jeni, SFTPB ina badiliko rs1130866 linaloathiri mahali pa kubandikia sukari kwenye protini ndefu, nalo PCR ya kawaida inatosha.

Na kama huna maabara kabisa, una kompyuta na bando tu, bado kazi ipo. SP-C imezaliwa kwa ajili yako: ndogo, umbo lipo, unaiweka ndani ya utando wa DPPC kwa programu ya bure kama GROMACS na unaangalia palmitiki zikitolewa inaegemea vipi. SP-D unaweza kuangalia sukari tofauti zinavokaa kwenye kichwa chake. SP-B kwenye kompyuta inawezekana lakini utatumia muda mwingi kutetea modeli yako, msimamizi wa nje atakubana na swali la "umejuaje kama ndivo ilivyo", ujiandae.

Kwa hali yako

Kama uko shahada ya kwanza na unahitaji prezentesheni ya dakika 15 ambayo watu wataelewa, SP-C inakupa hadithi yenye mwanzo na mwisho, SP-D inakupa picha nzuri za rangi. SP-A kwa dakika 15 ni nyingi mno, utaishia kutaja sehemu zake tu.

Kama uko famasi, au unataka kuelewa dawa wanazopewa njiti na kwa nini moja inatolewa miligramu 200 kwa kilo na nyingine 100, nenda SP-B, na SP-C uiweke kama sura ndogo ya pembeni.

Wa maikrobiolojia na kinga, hasa mwenye kliniki ya TB au VVU karibu, chagua kati ya SP-A na SP-D. Ukiwa na sampuli za damu tu, SP-D. Ukiwa na ruhusa ya kupata maji ya kuosha mapafu na mtu wa kukuongoza kwenye seli, SP-A ina maswali mengi yaliyobaki wazi, hasa hilo la kuwa inamsaidia nani, mgonjwa au bakteria.

Unayesoma jenetiki na una familia yenye ugonjwa wa mapafu usioeleweka unaopita kizazi kwa kizazi, angalia SFTPC (jeni ya SP-C) kwanza kisha SFTPA2. Ikiwa ni watoto waliotimiza miezi na wamefariki wakihangaika kupumua kwa wazazi wenye undugu wa karibu, SFTPB. Tafadhali hapo shirikiana na daktari wa watoto na mshauri wa jenetiki tangu siku ya kwanza, hizo ni familia zilizozika.

Uliye na shahada ya pili, una supavaiza anayejua mafuta na utando, una miaka miwili na moyo wa kuharibu sampuli nyingi kabla ya kupata moja nzuri, SP-B inakusubiri. Mengi ya msingi kuhusu umbo lake bado hayajafungwa.

Na uliyeniandikia juzi usiku kwamba umelipa ada, umebakiwa na miezi mitano, maabara yenu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri imekufa na supavaiza yuko safarini: chukua 1SPF leo, pakua na P11686 kutoka UniProt, hifadhi ya bure ya taarifa za protini, ujue protini nzima ilivyo, fanya SP-C kwenye kompyuta. Nitumie sura ya pili ikishakuwa tayari nitaisoma.